Nordahl au Pruitt: Risala ya Jukwaa la Kaskazini

Mgeni rasmi, Bwana Stellan Hargrove, Meneja Mkuu wa timu yetu ya mpira wa kikapu, Wapuliza Vioo wa Toledo, Mchungaji uliyetupa ukumbi huu, wanajukwaa wenzetu:

UKARIBISHO

Sisi mashabiki wa Jukwaa la Kaskazini tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Wiki ijayo unachagua mchezaji chipukizi, na katika wiki kama hii mameneja wengi hujifungia ofisini. Wewe umekuja. Soseji ziko meza ya nyuma, na kahawa ni ya leo.

HISTORIA

Chama chetu kilianza siku ya theluji kubwa, watazamaji wachache waliofika uwanjani waliposogeleana wapate joto. Mmoja wao alikuwa Bi Odessa Crenshaw, aliyekuwa mpishi wa shule, ambaye sasa amestaafu. Alikaa kiti cha pembeni karibu na ngazi, na mpaka leo hajahama.

MAFANIKIO

Tumesafiri na timu hadi Milwaukee na tukarudi wote. Wenzetu waliofariki tumewazika kwa heshima, wakiwa wamevaa jezi. Ubingwa hatuna, lakini hilo, mgeni rasmi, liko nje ya uwezo wetu.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu iko chini ya kapu. Tangu senta wetu, yule mrefu aliyelinda kapu, auzwe, kila timu inayokuja hapa inajipakulia kama iko harusini. Wanaotajwa kuziba pengo hilo ni vijana wawili: Anders Nordahl wa Minnesota, ambaye anazuia kama ukuta ila kufunga ni kwa bahati, na Emmett Pruitt wa Indiana, mwenye mabega na mruko wa ajabu, ila mpira humponyoka. Ubishi huo umetugawa kiasi kwamba wapo ndugu wa tumbo moja walioacha kupeana lifti.

Upande wa Nordahl uliongozwa na Roy Jankowski, fundi wa maboila. Kwenye mkutano wa Jumanne iliyopita alisimama hapa hapa.

"Pruitt? Yule mikono yake imepakwa siagi! Mpe glasi ya maziwa, utashinda unapiga deki!"

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Kaa chini, Roy," katibu wetu Renata Sobczyk akamjibu. "Wewe hata rimoti inakuponyoka."

"Mimi siombi kazi ya mamilioni!"

Bi Odessa alikuwa katikati yao, amekumbatia mkoba. Alicheka kidogo, kicheko cha adabu, kisha akatazama sakafu. Ilipofika kura, alikawia. Wote walikuwa wameshahesabiwa na pande zilikuwa sawa. Ndipo akanyoosha mkono kwa Nordahl, na mkono huo ndio uliompa ushindi.

Roy alikuwa bado anashangilia mlango ulipofunguliwa. Akaingia kijana ameinama asigonge kichwa kwenye kizingiti cha juu, na kabla hajajinyoosha tulikuwa tumeshamtambua. Ni Emmett Pruitt.

"Bibi, mvua imeanza. Nimekuletea mwavuli."

Kumbe ni mtoto wa binti yake, yule aliyeolewa Indiana. Miaka yote hiyo Bi Odessa alitusimulia habari za mjukuu mwenye njaa isiyoisha. Jina la baba yake hakuwahi kulitaja. Roy alikuwa mwekundu hadi masikioni.

"Bi Odessa, jamani! Kwa nini hukusema? Si ungenirushia hata kiti!"

"Ningesema, mngenyamaza. Nilitaka kusikia watu wasiomjua wanamwonaje."

"Sasa na kura yako?"

"Kura ni ya timu, Roy. Timu inataka mtu wa kuzuia. Jikoni kwangu nina kura nyingine."

Emmett akamkaribia Roy. "Mzee, nimekusikia tangu kwenye ngazi. Ya mikono ni kweli. Naifanyia kazi." Akampa mkono. Roy aliushika, akaugeuza, akautazama kiganja.

"Mkavu kabisa," akasema, kwa sauti ndogo ambayo hatukujua kama anayo.

Baadaye Bi Odessa alimweleza Renata kwamba kicheko kile kilimuuma kuliko alivyotarajia, kwa kuwa kilitoka kwa watu aliozoea kuwaita wa nyumbani. Kuhusu ule mkono, alisema alipokwisha kuamua aliuinua kwa haraka, kwani angesita tena kidogo tu ungemshinda kuuinua.

MAOMBI

Kwanza, tunawasilisha rasmi kura ya chama: Nordahl, kwa tofauti ya kura moja. Roy Jankowski ameomba kubadilisha yake. Katiba yetu hairuhusu.

Pili, atakayechaguliwa apewe muda wa kukua kabla hajauzwa.

Tatu, usiyemchagua umpigie simu wewe mwenyewe. Asisikie kwenye televisheni, bibi yake akiwa kando.

Nne, na hili Roy amesisitiza liandikwe, kura ya chama haikufungi kwa lolote. Hata kidogo.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, Mungu akupe usingizi wiki hii na akukinge na magazeti ya wiki ijayo. Siku ya uteuzi sisi tutakuwa sebuleni kwa Bi Odessa. Ametukubalia kwa sharti kwamba jina lolote litakalotajwa, tusimame wote tulishangilie.

Tumeahidi. Likiwa la Nordahl, tutajitahidi.

Ni sisi,
Mashabiki wa Jukwaa la Kaskazini,
Mtaa wa Lagrange, Toledo.