Mguu Sina, Saa Yaniambia Tembea

Bwana asifiwe, wapendwa. Na nyinyi ndugu zetu Waislamu mliokuja, asalaam aleikum. Mniwie radhi, nitasema nikiwa nimekaa. Mnacheka? Chekeni tu. Mimi mwenyewe nilikaa muda mrefu bila kucheka.

Wengi mwanijua kwa miguu. Nilikuwa mwalimu huko Tezo, na nilipoambiwa nina sukari nikajiunga na akina mama wanaotembea alfajiri. Tulikuwa na kikundi kwenye simu, kila jioni kila mmoja anatuma hatua zake. Binti yangu akaniletea saa ya mazoezi, ile ya kuvaa mkononi ikakuhesabia. Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa siambiliki. Nikiona mwenzangu amenipita, nazunguka nyumba mpaka baba watoto ananiuliza nimepoteza nini.

Kisha nikakanyaga msumari. Sikuusikia, sukari ilishaua hisia za wayo. Nilikwenda zahanati nikasafishwa, nikafungwa bendeji, lakini kidonda kilikuwa kinakwenda ndani. Nilipofikishwa hospitali, mguu ulikuwa umeoza. Daktari alimwita mume wangu pembeni, nami nikajua. Wakaukata chini ya goti.

Siku nilipopata fahamu sawasawa, saa ikatetemeka mkononi. Nikaitazama. Imeandika: umekaa sana, inuka utembee kidogo.

Nililia, jamani, mpaka wauguzi wakadhani ni maumivu.

Nyumbani ikawa hivyo hivyo kutwa. Inatetemeka, inuka. Nikitazama hatua, sifuri. Mtaniuliza, si ungeivua? Sikuweza. Kuivua ilikuwa kukubali kwamba yule mwanamke wa alfajiri amekufa. Nikajitoa kwenye kikundi. Wenzangu walipokuja kunijulia hali, nikajifanya nimelala, nasikia sauti zao sebuleni, nauma shuka.

Sasa nasema jambo ambalo hata mchungaji hajalisikia. Niliacha kujidunga sindano za sukari. Si kwa kusahau. Nilikuwa nageukia ukuta nasema, Mungu, malizia ulichoanza.

Aliyenigundua ni wifi yangu, dada wa mume wangu, aliyekuja kutoka Rabai kunisaidia. Alifungua friji, akarudi chumbani na dawa mkononi.

"Wifi, mbona ziko vile vile?"

"Nimechoka, wifi."

"Umechoka, au unajiua?"

Akaketi kitandani, akaushika huu mguu uliokatwa, ambao hata mimi mwenyewe nilikuwa siugusi.

"Kaka yangu umemuaga? Watoto umewaaga? Haya, basi niage mimi. Nakusikiliza."

Akangoja. Nilikuwa naweza kufa, wapendwa, lakini kumuaga mtu nimemtazama usoni sikuweza. Siku hiyo hiyo, kwa kukosa dawa, nilianza kutapika na kuhema, wakanikimbiza hospitali. Nilikaribia kwenda kweli.

Nilipopata nafuu akaja dada wa mazoezi ya viungo. Akaiona saa.

"Mama, hii inakuambia nini?"

"Inaniambia sifuri."

"Inahesabu hatua, ndiyo. Lakini ina na mengine. Nipe mkono."

Akatafuta ndani yake, akapata mahali pa mazoezi yasiyo ya miguu. Akabonyeza ianze. Akanipa ukanda wa mpira, akasema vuta kama unayevuta ndoo kisimani. Nikavuta. Mabega yakawaka moto, jasho likaniingia machoni. Tulipomaliza akanionyesha: mapigo ya moyo yamepanda kama ya mtu anayepanda vilima vya Rabai! Hatua bado zilikuwa sifuri, sitawadanganya. Lakini moyo wangu ulikuwa umefanya kazi, na kumbe nilikuwa nao.

Msidhani nilitoka pale naimba. Nyumbani nilikuna nazi mpaka nikalowa jasho, kutazama saa, hakuna kitu. Nikaitupa kitandani, nikampigia yule dada kwa hasira.

"Uliianzisha, mama?"

"Sikuianzisha."

"Na ulikuwa umeivaa mkono upi?"

Kumbe nilikuwa nimeivaa ule ulioshika mbuzi ya kukunia, umetulia tuli! Akasema, "Hata isipoandika, mama, mwili wako umepata."

Ziko siku naamka nautafuta mguu chini ya shuka. Ziko siku saa inaniambia inuka, nami naijibu maneno ambayo siwezi kuyasema humu kanisani. Lakini sindano najidunga. Kwa mikono nanyanyua chupa za maji nikiwa kwenye kiti. Daktari anasema sukari imeshuka, na mguu uliobaki uko salama.

Namshukuru Mungu. Namshukuru wifi yangu, ambaye yuko pale nyuma anajificha kwa leso. Namshukuru dada wa mazoezi, na mume wangu aliyejifunza kufunga kidonda bila kugeuza uso. Na wale akina mama: walirudi, wakanikuta macho, wakaleta viti vyao uani wakafanya mazoezi ya kukaa pamoja nami. Sasa kikundini tunatuma dakika za mazoezi, hatutumi hatua tena.

Funzo langu ni dogo. Ukiona mgonjwa wako amenyamaza, usimwambie tu ajikaze. Fungua friji utazame dawa. Na wewe uliyeketi hapa, uliyeacha dawa kimya kimya kwa kuchoka, najua umo, kwa sababu nilikuwa wewe. Sitakuuliza jina. Tukimaliza, njoo ukae hapa kando yangu. Kiti hiki nimekiweka wazi makusudi.