Mzee Nzuki Anapumzisha Mguu: Miaka Thelathini na Moja na Klachi ya Susu

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, saa kumi jioni, Mzee Gedion Nzuki atarudisha funguo za karakana yetu hapa Tawa baada ya kutumika miaka thelathini na moja na mwezi mmoja. Huo mwezi mmoja ameuhesabu mwenyewe na amenionya nisiuache. Mimi ni Eunice Kalekye, mtunza stoo, na kwa miaka ishirini na miwili karibu kila nati aliyoifunga ilipitia kwanza mikononi mwangu. Ndiyo sababu kamati ya kliniki yetu imenipa kazi ya kuandika haya, ingawa yeye angependa yaishe kwa nusu ukurasa.

Alizaliwa Migwani na akajifunza ufundi kwa mjomba wake mjini Kitui. Alipofika hapa Oktoba 1994, kliniki tembezi ya kanisa letu ilikuwa na gari moja tu, Kombi ya mwaka 1974 yenye kitanda cha kukunja, sinki ndogo na paa la kuinua. Tuliachiwa na mume na mke, madaktari wa meno kutoka ng'ambo, ambao walikuwa wakisafiri nayo na kulala humo humo. Sisi tuliweka friji ya chanjo mahali pa jiko, na kile kitanda kikawa cha kupimia akina mama wajawazito. Wagonjwa waliipa jina la Susu, yaani nyanya au bibi kwa Kikamba, kwa sababu alikuja polepole na hakuja mikono mitupu.

Tangu wakati huo tumepewa magari mengine mawili, mapya kabisa, na yote mawili yamekufa. Susu bado anatembea.

Ugonjwa wake mkubwa ulikuwa klachi. Kila wiki alishuka vilima vyetu hadi Kathonzweni, kisha akarudi kupanda akiwa amejaa watu na masanduku. Mafundi wengi wakiambiwa klachi inasumbua hukimbilia kushusha injini. Mzee Nzuki alipindua ndoo, akaketi, akamuuliza dereva maswali matatu. Gia inakwaruza ikiingia? Injini inanguruma huku gari halipandi? Na hiyo kelele, inakuja ukikanyaga pedali au ukiachia? Gia ikiwa inakwaruza, alilala chini akaifuata kebo ya klachi, ambayo kwa Kombi hutoka mbele kwenye pedali hadi nyuma kwenye giaboksi. Mara nyingi dawa ilikuwa nati moja tu ya mwisho wa kebo, mizunguko miwili, kisha akapima kwa mkono kama pedali ina ule ulegevu mdogo kabla haijashika. Injini ikiwa inanguruma bure, hakuilaumu klachi pleti kabla ya kutafuta kama oili imevuja ikailowesha na kuifanya iteleze. Wakati huo tu ndipo alikuja kwenye dirisha la stoo kuomba jeki kubwa, akisema "tafadhali" kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

Mwaka 2009 kebo ilikatika Kathonzweni, chanjo zikiwa ndani. Kwa simu alimfundisha dereva wetu, Musembi, kuwasha gari likiwa tayari kwenye gia, kisha kubadilisha gia bila klachi kwa kusikiliza injini. Walifika Tawa chanjo zikiwa bado baridi. Musembi alishuka shati limelowa jasho, na Mzee alimpa mkono, jambo ambalo kwake ni hotuba ndefu.

Lakini kuna habari moja ambayo Mzee mwenyewe ameniagiza niiandike, na akasema nisiipake sukari.

Kuanzia mapema mwaka 2018 beringi ya klachi, ile inayofanya kazi pale tu pedali inapokanyagwa, ilikufa mara tatu ndani ya miezi kumi na minne. Kila mara ilibidi injini itolewe, spea zisubiriwe kutoka Nairobi, na akina mama wa Kathonzweni warudi nyumbani na watoto wao bila chanjo. Baada ya mara ya tatu Mzee alikaa na kalamu, akaandika chanzo: dereva anapumzisha mguu kwenye klachi akiendesha. Mimi nilipiga muhuri na kuipeleka ripoti kwa kamati. Sikuuliza swali hata moja, kwa kuwa Mzee Nzuki hakuwa na mazoea ya kukosea.

Musembi alikuwa ametuendesha miaka kumi na miwili. Alikana, kwa adabu, mara moja tu. Kamati ilimsimamisha kazi, akaenda nyumbani kulima ndengu. Mzee akachukua usukani mwenyewe, kwa kuwa alisema angalau mguu wake anaujua.

Baada ya miezi mitano alikuja dirishani kwangu kuomba beringi ya nne, kwa kuwa ile iliyofungwa ilikuwa imeanza kulia. Ile fomu ya stoo ina mstari wa kuandika chanzo cha uharibifu, na safari hii aliuacha wazi. Nilimrudishia fomu. Aliitazama, akaikunja, akaiweka mfukoni na kuondoka bila beringi.

Sasa lazima nieleze desturi yetu. Susu haondoki bila maombi, na maombi ya safari huongozwa na Sista Mbinya, muuguzi wetu mkuu. Sista huiombea njia kituo kwa kituo, akitaja kila daraja, kila kijiji, na wagonjwa kadhaa kwa majina. Siku zile stata ya Susu ilikuwa mbovu, hivyo kila asubuhi tulimsukuma mpaka awake, na akishawaka hakuna aliyethubutu kumzima. Dereva alibaki kitini, akakanyaga klachi, akatia gia ya kwanza, akafumba macho. Akisikia amina, anaachia pedali, gari linaondoka. Tulifanya hivyo tangu stata iharibike, na tulijiona watu wa kujipanga vizuri.

Asubuhi iliyofuata Sista alikuwa bado hajavuka daraja la pili. Mzee, macho yamefumbwa, alihisi mguu wake wa kushoto unatetemeka. Akafumbua macho akautazama. Ulikuwa juu ya pedali, umekanyaga mpaka chini, na pale nyuma beringi ilikuwa inalia. Akatazama saa, na Sista alipokaribia mwisho zilikuwa dakika tisa. Dakika tisa, siku tano kwa wiki, kwa mguu wa Musembi kwanza, na sasa kwa mguu wake mwenyewe.

Akazima injini. Sista, aliyedhani gari limekufa, aliongeza ombi jingine kwa ajili ya gari. Baada ya amina tulisukuma tena, na Mzee alisukuma pamoja nasi bila kumtazama mtu yeyote.

Hakuna mwingine aliyekuwa amejua. Angeweza kubadilisha beringi, kurekebisha stata na kunyamaza, na leo ningekuwa naandika ukurasa safi. Jumatatu iliyofuata alisimama mbele ya kamati, akaeleza yote, akaomba ripoti yake ifutwe. Mwenyekiti wetu, Bwana Wanyoike, ni mtu wa amani, na alitaka kumhifadhia heshima. Akapendekeza tuandike tu kwamba spea zilikuwa hafifu, kisha Musembi aitwe arudi bila kelele. Nilikuwa pale nikiandika kumbukumbu. Mzee alitikisa kichwa.

"Chairman, hiyo bearing haina makosa. Mguu ulikuwa wangu pia. Andika hivyo, na isomwe mbele ya watu, kwa sababu jina la Musembi liliharibiwa mbele ya watu."

Ikaandikwa, ikasomwa. Lakini hakungoja barua imfikie Musembi kwa njia ya ofisi. Alikwenda mwenyewe hadi shambani, na Musembi hakusimama kumlaki. Aliendelea kuvuna ndengu. Mzee alivua koti, akashika mstari wa pili, wakavuna hadi mwisho wa shamba. Ndipo akasema alichokuja kusema. Musembi alinisimulia baadaye kwamba hakukasirika sana kuhusu kazi. Alimjibu hivi:

"Mzee, mimi nilijua sikanyagi. Lakini vile uliandika, nikaanza kuangalia huu mguu wangu hata nikiwa nimekaa kwa kiti ya nyumbani."

Mzee hajawahi kuyasahau maneno hayo. Tangu siku ile maswali yake kwa dereva yamekuwa manne badala ya matatu. La nne huuliza gari hufanya nini likiwa limesimama, na kabla ya kuandika jina la mtu kwenye ripoti yeye huketi kwanza kwenye kiti cha mtu huyo. Mimi pia sipigi muhuri tena kabla ya kusoma. Nilimwomba Musembi msamaha, nimechelewa kuliko Mzee, na bado naona aibu.

Musembi alirudi Jumatano iliyofuata. Stata ilibadilishwa. Beringi iliyofungwa wiki hiyo ndiyo iliyomo hadi leo, mwaka wa saba sasa, na Sista Mbinya hajafupisha hata daraja moja.

Mzee Nzuki, tunakushukuru kwa mikono yako, na zaidi kwa ule ukurasa ulioomba usomwe. Mungu akupe huko Migwani mvua ya kutosha, magoti yasiyouma, na majirani wasiokuja na magari mabovu siku ya Jumapili.

Ijumaa Musembi ndiye atakayempeleka nyumbani kwa Susu. Mzee ataketi upande wa abiria, ambako hakuna pedali. Injini itakuwa imezimwa, na Sista ataiombea njia yote, kutoka hapa hadi mlangoni kwa Mzee. Nimemwambia asiache hata kijiji kimoja, kwa kuwa safari hii hakuna kati yetu anayetaka ile amina ifike.