Mnyanya Mgonjwa Ndani ya Feri

Feri ilikuwa imeondoka Luanda Kotieno kuelekea Mbita, Nduta alipouona mnyanya mzima, mizizi na yote, mkononi mwa mzee aliyekaa mbele yake. Majani yalijaa madoa ya kahawia, duara ndani ya duara. Nduta alikuwa amepakata trei ya miche mia mbili ya nyanya iliyoagizwa na wateja wake, na damu ilimchemka.

"Mzee, hiyo ni bakajani, inaambukiza. Unaibeba wazi hivyo kwa upepo?"

"Nampelekea bwana shamba. Alisema nilete mmea aone mwenyewe."

"Kwa mfuko uliofungwa."

"Mfuko hakutaja. Na mama, tangu lini ugonjwa ukapanda feri?"

"Tangu wewe uulipie nauli."

Watu walicheka, mzee naye akacheka, na hilo ndilo lililomuudhi Nduta zaidi. Sasa kila mwenye shamba alitaka kuona. Mnyanya ulipita mkono kwa mkono, majani yakakwaruzwa kwa kucha. Ghafla feri nzima ilikuwa ya mabwana shamba.

"Hata yangu iko hivi," mmoja alisema kwa furaha, kama aliyekutana na ndugu.

"Mnashika hapa, jioni mnashika nyanya zenu nyumbani," Nduta alisema. "Mmea kama huo unang'olewa, unachomwa, na mtu ananawa. Hautembezwi kama bibi arusi."

"Mama ana hasira ya bure," mzee alisema, bila ubaya wowote.

Feri ilipogusa Mbita, mzee aliubana mnyanya wake kwapani, akanyoosha mikono yote miwili juu ya trei ya Nduta.

"Leta nikubebee, mama. Usiteseke na mzigo."