Ua Lililotoka Biwini

Mgeni rasmi, mama yetu mtafiti, wewe uliyetufundisha kulifunika ua kwa mfuko wa karatasi bila kulivunja shingo:

KARIBU NYUMBANI

Sisi wafanyakazi wa bustani ya mimea-mwitu tuna furaha isiyo kifani. Kiti chako cha maabara bado kinachechemea. Tumekataa kukitengeneza ili ukitambue. Tumekukumbuka, mama, na hilo hatulipambi.

TULIKOTOKA

Tuta la saba unalijua. Miaka sita ulichanganya ua la mlimani, lenye kromosomu kumi na nne, na ndugu yake wa bondeni mwenye kumi na sita. Ulitueleza kuwa kromosomu ni nyuzi za urithi, na kila uzi hutaka pacha wake. Watoto wao walipata kumi na tano zisizooana, wakawa tasa: maua tele, mbegu hata ya dawa hakuna.

Kisha ukasafiri siku tatu. Mvua ikang'oa vibao vya majina ya mimea, na uliporudi tuta lilikuwa tupu, limepaliliwa. Ukauliza nani. Sote tukasema hatujui. Ukaomba uhamisho, na leo ni miaka kumi na moja.

MAFANIKIO

Mwaka uliofuata, kwenye biwi la magugu nyuma ya stoo, lilichanua ua moja lenye rangi ya mlimani na majani ya bondeni. Tukalifunika mfuko, nyuki asifike. Likazaa mbegu peke yake! Wazazi wake hawawezi hilo. Kila mmoja hungoja chavua ya jirani. Fundi wetu wa darubini alihesabu nyuzi mara nne, akapata thelathini. Tawi la mmoja wa wale tasa, lililotupwa hapo siku ya palizi, lilikuwa limezidisha nyuzi zake maradufu, kila uzi ukapata pacha. Tulipolipaka chavua ya mzazi wa mlimani, halikutoa mbegu ya maana. Limeshakuwa ukoo wake lenyewe.

CHANGAMOTO

Aliyepalilia ni mtunza bustani wetu, Mjomba Reki. Alitaka kukuambia siku ileile. Sisi ndio tuliomzuia, tukihofia kazi yake. Wema wetu umemtafuna. Tangu hapo hang'oi jani kabla ya kuuliza jina lake, hata ukoka, ndiyo maana njia zetu zina majani hadi magotini, utusamehe. Yeye ndiye aliyeliona ua pale biwini, na amelimwagilia miaka kumi. Baadaye tulimsihi akuandikie. Akasema, "Barua haina macho. Nitamwambia nikimwona."

Ijumaa anastaafu.

MAOMBI

Tulikuwa na mengi: mpira wa maji, lenzi mpya, mabati ya kibanda. Hayo yatangoja. Ua halina jina, tunaomba ulipatie. Na kama lawama ipo, tugawie sote, maana aliyepalilia alikosea asubuhi moja, nasi tulionyamaza tumekosea miaka kumi na moja.

Mjomba yuko nje ya mlango na chungu cha ua mikononi. Anadhani humu tunaomba mabati. Tukimaliza ataingia. Mama, tafadhali, usimwambie kwamba umeshajua. Mwache aseme mwenyewe.

Mungu akuzidishie macho ya kuona madogo na moyo wa kusamehe makubwa.

Ni sisi,
Wapaliliaji wa tuta la saba, sote.