Hata Dada Yake

Baba Paroko, wifi yangu Chelo, wanangu Dorotea na Emmett, majirani wa Pueblo na ninyi mliosafiri kutoka Burbank na Denver, mimi ni Ludmila Zupan, wengi mnaniita Milka, dada wa pekee wa marehemu, na nimesimama hapa kwa sababu yeye mwenyewe aliagiza nisome mimi, akaongeza kwamba nisimpambe, kwa hiyo nitafuata tarehe moja baada ya nyingine, na nikikwama mahali mtanivumilia.

Marehemu Rudolph Zupan, ambaye sote tulimwita Rudi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 hapa Pueblo, Colorado, katika nyumba ya matofali iliyo mitaa mitatu kutoka kiwanda cha chuma, akiwa mtoto wa kwanza wa Franc Zupan, aliyefanya kazi kwenye tanuri kwa miaka thelathini na mmoja, na Terezija, ambaye mkate wake wa potica, ule wa kuviringishwa na asali, wazee mliopo bado mnausema kila Krismasi. Mimi nilifuata miaka mitatu baadaye, na baada yangu hakuzaliwa mwingine.

Alisoma shule ya msingi ya parokia hii kuanzia Septemba 1952 hadi Juni 1960, kisha sekondari hadi mwaka 1964, na karibu kila ripoti yake ilisema kwamba ni mwerevu ila anawachekesha wenzake wakati wa somo, maneno ambayo Baba aliyasoma mezani kwa sauti ya ukali huku mabega yakimtikisika. Alifanya kazi mwaka mmoja na nusu kiwandani pamoja na Baba, na huko ndiko alikowaokota wale wanaume ambao baadaye aliwajaza kwenye filamu zake, wazee wanaogombana kuhusu soseji huku chuma kinachemka pembeni yao. Kati ya mwaka 1966 na 1968 alikuwa jeshini Ujerumani, ambako kazi yake ilikuwa kuwaonyesha askari filamu, akarudi na kuingia chuo kikuu Boulder, akahitimu Juni 1972, na mwezi huohuo akaondoka kwenda Los Angeles akiwa na koti moja na mashine ya kupiga chapa.

Huko alianza kwa kusoma miswada ya watu wengine na kuandika mstari mmoja pembeni, unafaa au haufai, akaendelea hadi kuandika vichekesho vya televisheni, na tarehe 7 Septemba 1974 alifunga ndoa na Consuelo Arrieta, huyu Chelo wetu, binti wa mji wa Trinidad, kusini mwa hapa, ambaye alimwambia mbele yangu, siku ya posa, "Mimi nakukubali, ila ukinichekesha kanisani nitakuacha hapohapo." Walijaliwa watoto wawili, Dorotea mwaka 1976 na Emmett mwaka 1979.

Tarehe 5 Oktoba 1984 ilitoka filamu yake ya kwanza, *Zamu ya Asubuhi*, kuhusu wastaafu tisa wa kiwanda cha chuma wanaoiba taji la almasi kutoka hoteli moja ya Reno, na wanaiba saa mbili asubuhi kwa sababu ndiyo saa waliyozoea kuingia kazini. Mnakumbuka foleni iliyozunguka jumba la sinema hapa mjini, mnakumbuka Baba alivyoenda mara nne, na kila mara akamwambia aliyekaa karibu naye, "Yule mzee pale ni mimi." Ilipendwa nchi nzima, na kampuni ikamtaka Rudi aandike ya pili, safari hii na waigizaji mashuhuri kumi na wawili, watu ambao kila mmoja peke yake angetosha kujaza jumba.

Sasa nimefika mwaka 1987, na ukurasa huu nimeuandika upya mara sita.

Wakati huo nilikuwa mhakiki wa filamu wa gazeti moja la Denver, na nilikuwa peke yangu kwenye kazi hiyo. Mhariri wangu, Bibi Agnes Kowalchuk, aliniita akasema, "Milka, hii ya kaka yako waachie wengine, au tusichapishe kitu kabisa, hakuna atakayekufa." Nikamjibu, "Nitaandika mimi, Bibi Agnes, na chini tutaeleza kwamba mimi ni dada yake, wasomaji wapime wenyewe." Niliona fahari kusema hivyo. Nilijiona mtu wa haki.

Jumanne tarehe 9 Juni 1987, saa nne asubuhi, tuliketi wahakiki wapatao ishirini kutazama *Zamu ya Jioni*, ambamo wazee walewale wanajuta na kutaka kulirudisha taji walikolitoa, ambako sasa pamekuwa makumbusho yenye walinzi kila kona, na kurudisha kunakuwa kugumu kuliko kuiba. Wenzangu walikuwa wamekuja wakiwa wamechoka kabla ya filamu kuanza, maana magazeti ya New York yalikwisha sema kwamba ni sherehe ya matajiri, na kila alipotokea mwigizaji mwingine mashuhuri nilisikia mtu akishusha pumzi gizani. Kisha ikaja sehemu ambayo mzee Lojze anasinzia ndani ya kabati la kioo, kunakucha, makumbusho yanafunguliwa, na mwalimu anawaleta wanafunzi wake na kuwaeleza kwamba yule ni sanamu ya mfanyakazi wa karne iliyopita, naye Lojze hathubutu hata kupiga chafya, mpaka anakuja mfagiaji kumpangusa vumbi, na mzee anafungua jicho moja na kumwambia polepole, "Na nyuma ya sikio."

Nilicheka. Nilicheka kicheko cha Baba, kile cha kupanda juu na kukatika kwa kwikwi, na nilicheka peke yangu katika jumba zima. Bwana Prescott Lyle, mhakiki aliyeheshimiwa kuliko wote mjini, aligeuka kwenye kiti chake akanitazama. Nikaziba mdomo, lakini kabla ya mwisho nilicheka tena mara mbili.

Mlangoni Bwana Lyle alinishika kiwiko, akasema kwa upole mbele ya wenzake, "Kwa kaka mtu lazima acheke, Milka. Hatukulaumu." Wakacheka wote, nami nikacheka nao, na nilipofika ofisini uso ulikuwa bado unaniwaka.

Niliandika kwa saa mbili. Sikuandika kuhusu kabati la kioo. Niliandika kwamba kaka yangu amewaalika watu mashuhuri kumi na wawili kwenye karamu na akasahau kutualika sisi watazamaji, kwamba nimekaa dakika mia moja na ishirini bila kucheka hata mara moja, na kwamba nasema hivi kwa uchungu kwa sababu mtunzi ni ndugu yangu. Bibi Agnes aliisoma, akaivua miwani yake, akauliza, "Una hakika?" Nikasema nina hakika. Ikatoka Ijumaa tarehe 12, siku filamu ilipoanza kuonyeshwa.

Lazima niseme pia kwamba si mimi peke yangu. Kampuni ilikusanya uhakiki arobaini na mmoja, na thelathini na tatu ulikuwa mbaya, na mwingine ulikuwa mkali kuliko wangu. Lakini hao wengine hawakuwa dada yake. Kufikia Jumatatu watangazaji wa redio walikuwa wanasema, "Hata dada yake hakucheka," na wiki hiyohiyo mchekeshaji mmoja wa televisheni aliuliza ukumbi mzima, "Mnataka kujua filamu ni mbaya kiasi gani?" na ukumbi ukamjibu kwa pamoja, "Hata dada yake!" Watu ambao hawajawahi kusoma gazeti langu walilijua neno hilo. Filamu iliondolewa kwenye majumba baada ya wiki tatu, na ya tatu, ambayo Rudi alikuwa ameshaandika nusu yake, mkubwa wa kampuni aliizika kwa simu moja, akimwambia, "Rudi, kama hata dada yako, mimi nimwambie nani aje?"

Jumapili ya tarehe 14 Rudi alinipigia. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi. Akasema, "Nimeisoma. Umeandika vizuri, ile sentensi ya karamu ni nzuri sana." Kisha akasema, "Nina swali moja tu, Milka. Hukucheka hata mara moja? Hata kidogo?"

Nikasema, "Hata kidogo, kaka."

Akasema, "Haya. Msalimie Mama."

Baada ya hapo hakupata tena kuandika filamu kubwa. Aliandika vipande vya televisheni ambavyo jina lake halikuwekwa, na Agosti 1991 aliuza nyumba ya Burbank, akarudi Pueblo na familia yake, akafundisha uandishi katika chuo cha hapa kwa miaka ishirini na miwili, hadi alipostaafu Mei 2013. Wanafunzi wake mmejaa viti vya nyuma nawaona, na mmoja wenu aliniambia jana kwamba aliwahi kumuuliza darasani kama yule dada wa kwenye ule mzaha ni mtu wa kweli, naye akajibu, "Ni wa kweli, yuko Denver, na anaandika kuwashinda nyote humu, kwa hiyo fungua daftari." Kila Krismasi aliniletea potica aliyoioka mwenyewe kwa mapishi ya Mama, mara nyingi imeungua chini, na hakuwahi kuitaja filamu ile, nami sikuitaja, na tuliendelea hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini, tukipendana na kuzunguka mahali pamoja pasipokanyagwa.

Mwezi Septemba 2021 alianza kuishiwa pumzi akipanda ngazi, na mwezi Novemba madaktari walieleza kwamba mapafu yake yanageuka makovu na hayatarudi kama zamani. Mwaka uliofuata alitumia oksijeni nyumbani, nami nikahamia hapa kumsaidia wifi yangu kumuuguza.

Tarehe 22 Januari mwaka huu, Jumapili baada ya chakula cha mchana, Dorotea aliiweka *Zamu ya Jioni* kwenye televisheni. Alisema, "Baba, shangazi, leo tunaitazama, mimi nimechoka na ukimya wenu." Tukakaa. Nilikuwa sijaiona tangu siku ile. Mzee Lojze alipofungua jicho lake nikacheka, sikuweza kujizuia, na Rudi akageuza kichwa kwenye mto, na bomba la oksijeni likiwa puani, akasema, "Hapohapo. Hata mwaka ule ulicheka hapohapo."

Nikamuuliza, "Umejuaje?"

"Nilikuwa juu, kwenye chumba cha mtambo wa kuonyesha filamu. Nilikuja Denver kimyakimya nikupeleke kula. Nikakusikia, mara tatu." Alivuta pumzi kwanza. "Nikaona umetoka na wale wakubwa, nikasema nisikuharibie. Nikampigia Chelo kutoka uwanja wa ndege."

Chelo aliyekuwa anakunja nguo hakuinua macho. Alisema, "Aliniambia, 'Milka amecheka, sasa wengine waseme watakavyo.' Alikuwa anaimba kwenye simu, wifi."

Nikamuuliza Rudi kwa nini hakuniambia, na kwa nini aliniuliza ile Jumapili kama alikuwa anajua. Akasema, "Nilikupa nafasi. Hukulazimika kuipenda, dada yangu. Kama ungekaa kimya mle ndani, ningekubali kila neno." Halafu akasema kwamba sehemu ile ya filamu ambamo wazee wanasafiri hadi Roma ilikuwa ndefu mno, na kwamba hilo ningeweza kuliandika kwa haki kabisa.

Nilitaka kuomba msamaha. Maneno yalikuwa mdomoni, lakini muuguzi aliingia kubadilisha mtungi, nikasogea kumpisha, nikajiambia nitayaandika vizuri kwanza, kwa sababu mimi ni mtu wa kuandika. Nilimwambia Rudi nitaandika upya uhakiki ule. Akatabasamu, akasema, "Gazeti lako lilishakufa, utaupeleka wapi? Usome siku yangu. Na usinipambe." Nikaandika siku kumi na tano, nikifuta na kurudia. Alhamisi tarehe 9 Februari nilikuja na karatasi kwenye mkoba, na saa nne na dakika arobaini asubuhi, akiwa ameshikwa mkono na Chelo, marehemu alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sabini na sita. Karatasi sikuwa nimeitoa.

Inasema hivi. *Zamu ya Jioni* ni ndefu kwa robo saa, safari ya Roma haina kazi, na waigizaji watatu wamewekwa kwa ajili ya majina yao tu. Lakini Rudi Zupan amewapenda wazee wake na hakuwafanya wajinga ili tuwacheke, na mzee aliyemo ndani ya kabati la kioo ni kichekesho bora nilichokiona katika miaka yangu yote ya kazi. Mwandishi ni dada wa mtunzi. Alicheka mara tatu, akaogopa kuchekwa na wenzake, akasema hakucheka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha mapafu, Bibi Vukovich na majirani wa mtaa wetu walioleta supu tangu Novemba, walimu wenzake wa chuo, wanafunzi wake, na ninyi wa Burbank mliomkumbuka baada ya miaka mingi. Kama kuna yeyote hapa aliyewahi kuurudia ule mzaha, hana kosa, niliutunga mimi. Msamaha wa Chelo, wa Dorotea na wa Emmett nitauomba nyumbani, mmoja mmoja, leo, kabla sijaketi kula.

Rudi, ulinipigia simu kuniuliza swali moja. Jibu ni ndiyo, nilicheka. Pumzika, kaka.