Dhaal ya Abla Inshirah

Wasikilizaji wapendwa, assalaam alaykum. Kama uko jikoni, punguza moto. Kama uko dukani, kaa kidogo nyuma ya meza yako. Leo tunamkumbuka Abla Inshirah Abdulgawad, mwalimu wa matamshi ya Kurani hapa Tanta; Abla ndivyo tunavyowaita walimu wa kike huku kwetu Misri. Tumemzika Jumatano.

Abla Inshirah hakuwa mtu wa kutulia. Chai aliinywa amesimama. Binti yake, Sawsan, ametuambia hivi: "Mama alikuwa akizunguka sebuleni anatamka herufi, qaaf, qaaf, qaaf, mpaka jirani wa chini anagonga dari kwa ufagio. Na yeye anamjibu kwa kisigino!"

Herufi aliyoipigania kuliko zote ni dhaal, ile dh ya Kiarabu. Tunajijua, wasikilizaji wapendwa. Sokoni na majumbani kwetu dhaal hatuna. Tunasema zaa, tunasema daal, na maisha yanaendelea. Lakini kwenye Kurani, Abla hakukubali. Ncha ya ulimi iguse makali ya meno ya mbele ya juu. Ulimi, meno. Hapo ndipo dhaal inapozaliwa, si pengine.

Hata mumewe aliipata hiyo dhaal kwa jasho. Marehemu Shawqi, dereva wa treni, alikuja kuposa na wazee wake. Ikasomwa Fatiha, kama ada yetu. Inshirah alikuwa nyuma ya pazia, anasikiliza. Bwana harusi alipofika kwenye 'alladhina' akasoma zaa. Pazia likafunguka.

"Aende akaitafute dhaal kwanza," akasema binti. "Akiipata, arudi."

Baba mtu alitamani ardhi ipasuke. Shawqi akarudi wiki iliyofuata, ulimi umevimba kwa kuung'ata. Akasoma. Akapewa mke.

Nyumbani kwake alisomesha wanawake, kila mmoja na kioo kidogo mkononi. Usipoiona ncha ya ulimi kwenye kioo, hukutamka dhaal. Alikuwa mkali. Mwanafunzi mmoja, Rawhiya, alisoma kwake miaka mingi. Siku ya kuomba ijaza, ile idhini ya kusomesha, Abla alimkatiza mbele ya wenzake wote.

"Ulimi wako mvivu, Rawhiya, kama paka aliyeshiba. Nenda kapike."

Rawhiya alitoka analia. Akaenda mji wa Mahalla, akasoma kwa mwalimu mwingine, akapata ijaza yake. Akarudi kufungua darasa mtaa wa pili tu. Wanawake hao wawili wakawa wakikutana kwa muuza mboga, kila mmoja anatazama nyanya.

Kisha, wasikilizaji wapendwa, likatokea la ngazi. Lifti ya jengo lao ilikuwa mbovu. Abla akashuka mbio, kama kawaida yake, akateleza, akaanguka kifudifudi. Meno ya mbele yakaenda. Akawekewa ya bandia. Dhaal ikaanza kutoka na mluzi.

Hapo ndipo alipokosa raha kabisa. Alihama daktari hadi daktari. Mmoja akamwambia, "Hajja, meno yako mazuri, hata arusi unaweza kwenda."

"Daktari, hebu sema dhaal."

"Zaal."

"Mwenyewe huna. Mimi utanipa nini?"

Akachukua mkoba wake, akaondoka. Darasani hakumwambia mtu. Akawa anafunika mdomo kwa ncha ya mtandio na kusomesha haraka haraka. Nyumbani hakai, hali vizuri, swala anairudia. Sawsan anasema alimkuta jikoni anasukuma meno kwa kidole gumba, fizi zinatoka damu.

"Mama, Mungu anajua umeanguka."

"Mungu anajua. Wanafunzi wangu hawajui."

Asubuhi moja msichana aitwaye Hanan akasoma aya, na dhaal yake ikapiga mluzi. Mluzi ule ule.

"Umeitoa wapi hiyo?" Abla akauliza.

Hanan akashangaa. "Kwako, Abla. Si ndivyo unavyosoma?"

Abla Inshirah akafunga msahafu. Akawaruhusu wote waende. Akazunguka sebuleni mpaka adhuhuri, kisha akavaa viatu. Akaenda mtaa wa pili, akagonga mlango wa Rawhiya.

Rawhiya mwenyewe ametusimulia. "Nilidhani amekuja kunigombeza. Akasema, nimekuja kusoma. Nikamwambia, Abla, usinifanyie mzaha mbele ya watoto wa watu. Akakaa mkekani, chini yangu. Akasema, nilikudhalilisha mbele ya watu, basi nisahihishe mbele ya watu."

Na Rawhiya akamsahihisha. Hakumwonea huruma. "Hapana, Abla. Tena. Hapana. Tena." Wanafunzi wa Abla wakahamia kwa Rawhiya, na Abla mwenyewe akawa anakuja nao kila asubuhi, msahafu kwapani. Kuna siku dhaal ilimjia safi. Kesho yake ikamkimbia.

Jumanne alisoma ukurasa mzima. Tumemwuliza Rawhiya: je, aliipata? Amesema, "Nilimwambia, Abla, inatosha sasa, Mungu ni mwingi wa rehema. Akanikazia macho. 'Sikukuuliza habari za rehema. Niambie kweli.' Nikamwambia kweli. Bado. Akavaa viatu vyake. Akasema, 'Haya. Kesho basi.'"

Alasiri ile moyo wake ukasimama.

Sisi sote wa kituo hiki tunakupa pole, Sawsan, wewe na ndugu zako. Nawe Bi Rawhiya, tunakupa pole kama mfiwa, maana ndivyo ulivyo. Mola amrehemu, amfanyie wepesi.

Na wewe unayesikiliza, labda yuko mtu uliyemtoa machozi mbele ya watu, na leo mkikutana unatazama nyanya. Nyumba yake unaijua. Viatu vyako viko mlangoni.