Kidole cha Sebahire na Ini Lililokuwa Motoni

Benchi letu lilikuwa ubao mmoja juu ya mawe mawili, pale njia ya Kirolirwe inapopinda kushuka kuelekea Sake, na tulilikalia kana kwamba Wabelgiji walitulipa kulilinda. Kahawa ililetwa na Damascène, mpishi wa mzungu mwenye shamba: ilikuwa imekwisha kumtumikia Bwana asubuhi, ikachemshwa tena kwa ajili yetu. Damascène tulimwita Daktari, maana kila ugonjwa uliotajwa mezani kwa Bwana ulitufikia kabla ya jua kuzama. Semana alikuwa Kengele, kwa sababu ya sauti yake. Mimi waliniita Stanleyville, kwa kuwa nilifika kweli katika mji huo wa mbali, nikarudi na mwavuli na maoni mengi. Siku hiyo ya mvua, mwaka 1954, ndume wa mwenzetu Sebahire aliteleza kwenye matope, akavunjika mguu, ikabidi achinjwe.

Wafugaji wa kwetu hawakuchinja ng'ombe ovyo. Walikunywa maziwa yake na kumtazama kwa upendo. Kwa hiyo mlima mzima ulikuja na vikapu. Ini lilikuwa juu ya makaa, nyuma ya benchi, na harufu yake ilitufanya tumeze mate badala ya kahawa. Lakini hapakuwa na mtu wa kuthubutu kula kabla ya mwenye ng'ombe kuonja. Asipoonja, watasema ndume alikuwa mgonjwa, na nyama yote itaishia kwa mbwa. Na Sebahire alikataa kuonja.

Kidole gumba chake cha mguu, alisema, kilikuwa kimevimba ndani ya kiatu. Na Daktari alikuwa ametusimulia kwamba Bwana naye amevimba kidole gumba, kwamba docteur wa wazungu alipanda kutoka Goma, akamtazama, akamkataza nyama nyekundu.

— Ugonjwa iko na jina ya Kifaransa, alisema Damascène. Sitaitaja. Ukiitaja, inakujua.

— Inaua? akauliza Sebahire.

— Inaanza na kidole. Kisha inapanda.

— Inapanda mpaka wapi?

— Mpaka waite padri.

Semana akasema Daktari amesoma nusu tu. Tatizo ni ule wekundu. Nyama nyekundu haijakubali kwamba imekufa, ndani ya mtu inaendelea kutaka kuwa ng'ombe.

— Njo maana inaanza na kidole, akasema. Inatengeneza kwato.

Sebahire akautazama mguu wake kwa muda mrefu.

Nami, kwa vile sikuvuka mito yote ile bure, nikaeleza nilichosikia kwa karani mmoja wa Stanleyville: damu ya nyama ni nzito, inateremka mwilini kama maji ya mvua mlimani, inatuama chini kabisa. Dawa ni kuugeuza mlima. Nilisema hivyo ili nionekane, lakini waliniamini, jambo ambalo halinitokei mara nyingi. Tukamlaza Sebahire kwenye benchi, mguu ukiwa begani kwa Kengele, kiatu kikielekea mawinguni.

Akalala hivyo, pua yake upande wa makaa.

— Niko na watoto sita, Papa Stanleyville, akaniambia polepole. Nikikula, nitakufa. Nisipokula, nitakufa vilevile, na nyinyi mukiangalia.

Watu wa vikapu walianza kunong'onezana. Mama mmoja akageuza kikapu chake, akakikalia.

Hapo ndipo alipofika Emérita, dada mdogo wa Sebahire, aliyeolewa Shasha, ziwani. Alikuwa amepata habari za ndume njiani. Alisimama akautazama ule mguu uliokuwa angani.

— Kaka, unafanya nini hapo?

Tukamweleza sote watatu kwa pamoja: jina la Kifaransa, kwato, mlima. Alisikiliza mpaka mwisho, akiwa na adabu kuliko tulivyostahili.

— Nani ameangalia hicho kidole?

Tukatazamana. Kwa kweli hakuna aliyekuwa amekiangalia.

Sebahire akasema hakuna haja, yeye ni mtu wa viatu. Dada yake akamkumbusha kwamba ni mtu wa viatu benchini na kanisani tu, zizini huingia peku kama sisi wote. Akakivua kiatu. Chini ya ukucha alikaa funza mmoja, mnene, mweupe, ametulia kama mwenye nyumba. Emérita akachomoa pini kwenye kitambaa chake cha kichwa, Sebahire akaita watakatifu wawili, kazi ikaisha.

Kengele alicheka mpaka ng'ombe wa ng'ambo ya bonde wakainua vichwa. Nami nikacheka kwa sauti kubwa mno. Kumbe nilikuwa nimeogopa kweli. Damascène peke yake ndiye aliyebaki na huzuni, kama mtu aliyenyang'anywa mgonjwa.

— Lakini ya Bwana ni ya kweli, akasema. Docteur hakusema uongo. Nyama inaweza kumuletea muntu ule ugonjwa.

Sebahire, aliyekwisha kunyanyuka, akakaa tena.

— Bwana anakula nyama mara ngapi? akauliza Emérita.

— Asubui, midi na mangaribi. Na divai juu yake.

— Na kaka yangu?

— Pasaka, akasema Semana.

— Pasaka gani?

Pasaka hii haikuwa, tulikula maharagwe. Iliyopita, Sebahire alikuwa na homa. Semana akasema ni ule mwaka wa mvua ya mawe. Damascène akakataa, ilikuwa kabla ya barabara kupanuliwa. Mimi nikashikilia kwamba ni mwaka niliorudi kutoka Stanleyville, wakaniambia mwaka ule nyama niliila peke yangu, tena nyumbani kwa watu watatu. Tukabishana hivyo mpaka birika la kahawa likakauka.

Tulipogeuka kumuuliza mwenyewe, alikuwa amechuchumaa karibu na makaa, peku, mashavu yamejaa ini, mafuta yakimtiririka kidevuni. Akatuinulia mkono tusubiri kwanza ameze. Lakini watu walikuwa wamekwisha kumwona akitafuna, na mlima mzima ukasimama na vikapu vyake.